Mwili Ulio Salama na Maisha ya Sala



Walezi wa kiroho hukutana mara nyingi na mtu anayesema: "Nikikaa kimya mbele ya Ekaristi, moyo unanienda mbio. Nikifumba macho, nahisi kama kuna mtu nyuma yangu. Nataka kusali, lakini mwili unataka kukimbia." Mara nyingi mtu huyu amekwisha kujihukumu kwamba imani yake ni haba. Pengine amekwisha kuambiwa na wengine kwamba anashambuliwa na pepo. Kabla ya kufika huko, tunalo swali la kwanza la kumuuliza: je, mwili wake unajisikia salama?

Katika somo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi, mafrateri na waamini wa parokiani, jambo hili moja: kuusaidia mwili uliojaa hofu upate kutulia ni sehemu ya malezi ya sala. Wala si anasa, wala si dalili ya udhaifu.

1. Anayesali ni mtu mzima, mwili na roho

Imani yetu haifundishi kwamba roho ni ndege aliyefungiwa ndani ya tundu la mwili. Mtaguso wa Vienne, mwaka 1312, ulifundisha kwamba roho ndiyo inayoufanya mwili uwe mwili hai wa mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 14 (mwaka 1965), ulisisitiza kwamba mwanadamu ni mmoja katika mwili na roho, na kwamba haruhusiwi kuudharau mwili wake. Liturujia yetu yenyewe inatufundisha hivyo kila siku: tunasimama kwa Injili, tunapiga magoti, tunapakwa mafuta, tunakula na kunywa.

Basi, ikiwa mwili unashiriki katika sala, hofu iliyomo mwilini nayo inaingia kanisani pamoja nasi. Mtu aliyepigwa utotoni, aliyedhulumiwa kimwili, aliyekimbia vita au aliyenusurika ajali mbaya anaweza kuwa amesahau mengi kwa akili, lakini mwili bado unakumbuka. Mlango unapobamizwa, moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, adrenalini inamwagika katika damu. Hayo hutokea kabla hajaamua lolote. Ndivyo Mwenyezi Mungu alivyotuumba ili tuweze kukwepa hatari haraka. Shida ni pale hatari inapokuwa imepita na mwili haujapata habari. Kumkemea mtu huyo atulie ni sawa na kumkemea mwenye homa asitetemeke.

2. Eliya chini ya mretemu

Tusome 1 Wafalme 19. Nabii Eliya ametishiwa kuuawa na malkia Yezebeli. Anakimbia hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Huyu ndiye aliyekuwa ameshinda juu ya mlima Karmeli muda mfupi tu uliopita! Imani kubwa haikumkinga asichoke wala asiogope.

Tuangalie anachofanya Mungu. Hamkaripii, wala hampi mahubiri. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa na kumwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anarudi kulala. Malaika anakuja mara ya pili, anamlisha tena, kwa sababu safari ni ndefu. Ni baada ya usingizi na chakula ndipo anapata nguvu ya kutembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndiko anakoisikia ile sauti ndogo, tulivu. Mungu aliutunza kwanza mwili wa nabii, kisha akasema naye.

Bwana wetu Yesu Kristo anafanya vivyo hivyo. Baada ya kumfufua binti Yairo anaagiza apewe chakula (Mk 5:43). Na wanafunzi walipojifungia kwa hofu, aliingia akawapa amani, kisha akawaonyesha mikono yake na ubavu wake (Yn 20:19-20). Mwili wenye makovu ndio uliowaondolea hofu.

3. Watakatifu nao walijifunza

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauliza ni nini kinachoponya huzuni. Anataja machozi, huruma ya marafiki na kuutafakari ukweli. Na hapo hapo, bila aibu yoyote, anataja usingizi na kuoga. Mwalimu mkuu wa Kanisa haoni kwamba maji ya kuoga yanaishushia hadhi teolojia.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliishi Manresa kati ya mwaka 1522 na 1523. Huko alisali saa saba kwa siku, na wakati dhamiri yake ilipokuwa ikimtesa kwa mashaka alikaa wiki nzima bila kula, hadi muungamishi wake akamwamuru aache. Tumbo lilimsumbua kwa miaka mingi baadaye. Lakini katika Mazoezi ya Kiroho anamshauri anayesali ajaribu kupiga magoti, kulala kifudifudi, kulala chali, kuketi au kusimama, na akipata anachokitafuta katika mkao mmoja, abaki hapo. Anafundisha pia namna ya kusali neno moja kwa kila pumzi.

4. Tusikosee upande wa pili

Kusema kwamba usalama wa mwili ni msingi hakumaanishi kwamba Mungu anatungoja tutulie ndipo atusikilize. Yesu alisali Gethsemane akiwa katika uchungu mkuu, na jasho lake likawa kama matone ya damu (Lk 22:44). Anayetetemeka anaweza kusali, na sala yake inafika. Tunachosema ni kwamba asiongezewe mzigo kwa kuambiwa kuwa kutetemeka kwake ni dhambi.

Wala tusitumie sala kumtuliza mtu ili aendelee kubaki kwenye hatari. Mama anayepigwa nyumbani hahitaji kwanza kufundishwa kupumua taratibu. Anahitaji mahali pa kukimbilia. Kumwambia tu "beba msalaba wako" ni kumwacha jangwani bila mkate. Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inatambua kwamba mwenzi wa ndoa anayemletea mwenzake au watoto hatari kubwa ya roho au mwili anampa sababu halali ya kuondoka, hata kwa uamuzi wake mwenyewe ikiwa kuchelewa kuna hatari. Kifungo cha ndoa kinabaki, lakini kuishi chini ya ngumi si sharti la kifungo hicho. Kila mchungaji anapaswa kuijua kanuni hii.

5. Kwa wanaoongoza sala

Ndugu mafrateri, kesho mtaongoza mafungo na kuketi katika kiti cha maungamo. Tukumbuke mambo haya:

- Kufumba macho kuwe hiari. Mtu anaweza kutazama mshumaa au msalaba.
- Tuombe ruhusa kabla ya kumwekea mtu mkono kichwani au begani, na tukubali jibu la "hapana".
- Katika mafungo ya kimya, tueleze ratiba mapema, na anayetaka kukaa karibu na mlango akae.
- Kanuni ya 964 inaagiza pawepo daima viti vya maungamo mahali pa wazi, vyenye wavu kati ya muungamishi na mwenye kutubu. Wavu huo ni ulinzi. Tusiuone kama pambo la zamani.
- Hofu isiyoisha, jinamizi za usiku na kukosa usingizi vinahitaji pia daktari au mshauri nasaha. Kumpeleka mtu huko si kukosa imani.

6. Zoezi la wiki

Kabla ya sala, keti nyayo zikiwa zimegusa sakafu. Tazama vitu vitatu vilivyo mbele yako na uvitaje moyoni. Vuta pumzi polepole, kisha itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta. Kutoa pumzi kwa kirefu husaidia moyo kupunguza mwendo. Unapovuta, sema moyoni "Bwana". Unapotoa, sema "nipo mikononi mwako". Dakika tano zinatosha. Zoezi likikuongezea hofu, liache, simama, tembea ukisali rozari.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika Jumuiya Ndogo Ndogo)

1. Ni wapi na katika mkao gani mwili wangu hutulia ninaposali?
2. Je, katika jumuiya yetu yuko mtu ambaye tumemhukumu kuwa mvivu wa sala, kumbe anaogopa?
3. Anayekimbia hatari nyumbani, usiku wa leo, angegonga mlango wa nani kati yetu?

Mungu aliyemlisha Eliya jangwani awape wote wenye hofu mkate, usingizi na amani yake. Amina.