Ufahamu na Ufupisho: Kikomo Kiko Upande wa Nani?

Katika somo hili utasoma habari inayohusu bima ya afya, utajibu maswali, kisha utaandika ufupisho. Habari ina tarakimu nyingi na maneno ambayo maana yake hutegemea muktadha. Hapo ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wanatoa maana ya neno waliyoizoea badala ya maana iliyo katika aya, na wananakili tarakimu bila kueleza nani analipa.

Fuata hatua hizi:
(i) Soma habari yote mara moja bila kuandika chochote.
(ii) Soma maswali yote.
(iii) Rudia habari, ukiandika pembeni wazo kuu la kila aya.
(iv) Kila unapokutana na kiasi cha fedha, jiulize: nani analipa, na analipa hadi wapi?

HABARI

1. Katika karne ya 19, misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita katika nchi za watawala wengi. Watawala hao walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, uliolipwa kwa vitambaa, shanga au nyaya. Hapakuwa na kiwango kimoja. Mkuu wa msafara alijadiliana upya kila alipofika, hasa Ugogo, na hakuweza kujua mapema atafika Tabora akiwa na mizigo mingapi. Kulipa alikuzoea, kilichomsumbua zaidi ni kutojua malipo yataishia wapi.

2. Mgonjwa asiye na bima husafiri katika njia inayofanana na hiyo. Hulipia kumwona daktari, kisha vipimo, dawa, kitanda na pengine upasuaji. Akipewa rufaa kutoka zahanati ya kijiji hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete mjini Tabora, na kutoka hapo hadi Bugando jijini Mwanza, kila kituo kina malipo yake. Fedha hizo zinazotolewa papo kwa papo ndizo huitwa gharama za kutoka mfukoni. Katika kupima Malengo ya Maendeleo Endelevu, Umoja wa Mataifa umetumia vipimo viwili: kaya inayotumia kwa matibabu zaidi ya asilimia 10, au zaidi ya asilimia 25, ya matumizi au mapato yake yote. Kaya iliyovuka vipimo hivyo huhesabiwa kuwa imeelemewa. Kwa mkulima wa tumbaku wa Urambo au mfugaji wa Igunga, kuelemewa kunaonekana kwa macho: ng'ombe anauzwa kwa bei ya kutupa, shamba linawekwa rehani, na shule zikifunguliwa mtoto anabaki nyumbani.

3. Serikali ilianza kutoza ada za huduma katika hospitali zake mwaka 1993. Mwaka 1996, Wilaya ya Igunga mkoani Tabora ikawa ya kwanza nchini kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, unaojulikana zaidi kama CHF. Kaya ililipa mchango mmoja kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kinacholingana na michango hiyo, utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Sheria ya mfuko huo ilipitishwa mwaka 2001. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza mwaka 2018, iliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi 6 nje ya Dar es Salaam. Kadi hiyo ilitambuliwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa aliyepelekwa ngazi ya juu zaidi aliivuka mipaka ya kadi yake, na malipo yakarudi mfukoni mwake.

4. Watumishi wa umma wana utaratibu wao. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, yaani NHIF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Mchango wake ni asilimia 6 ya mshahara: mwajiri hutoa nusu na mwajiriwa nusu. Mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa shilingi 24,000 kila mwezi, na mwajiri wake huongeza shilingi 24,000. Huduma zilizomo katika kitita cha mafao hulipiwa na mfuko. Huduma au dawa isiyokuwemo humrudia mgonjwa.

5. Waajiri wengine, hasa kampuni na mashirika binafsi, huwanunulia wafanyakazi wao bima katika soko. Mikataba mingi ya namna hii huweka kikomo cha fedha ambazo bima italipa kwa mwaka. Tuseme kikomo ni shilingi 5,000,000, na matibabu ya mfanyakazi yamegharimu shilingi 7,200,000. Bima italipa shilingi 5,000,000 na kusimama. Mfanyakazi atatoa shilingi 2,200,000 mfukoni, na gharama zikiendelea kupanda, zote ni zake. Hapa kikomo kinailinda bima.

6. Kikomo kinaweza pia kuwekwa upande wa mgonjwa. Tuseme mkataba mwingine unamtaka mfanyakazi achangie asilimia 10 ya gharama za matibabu, lakini asitoe zaidi ya shilingi 300,000 kwa mwaka. Kwa ankara ileile ya shilingi 7,200,000, asilimia 10 ni shilingi 720,000. Hata hivyo atalipa shilingi 300,000 tu, na bima italipa shilingi 6,900,000 zinazobaki. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 iliweka kikomo cha namna hii kwa mipango mingi ya bima, ikiwemo inayotolewa na waajiri. Kilipoanza kutumika mwaka 2014 kilikuwa dola 6,350 kwa mtu mmoja na dola 12,700 kwa familia kwa mwaka. Kikomo cha aina hii hakihesabu mchango wa kila mwezi wala huduma zisizomo katika mkataba.

7. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkaazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Kuwa na kadi ni mwanzo tu. Inabaki kujua kadi inaishia wapi. Tena, mgonjwa wa Tabora anapolazwa Mwanza, kwa kawaida bima haimlipii ndugu anayemuuguza nauli ya basi, chakula wala mahali pa kulala. Gharama hizo haziandikwi katika ankara ya hospitali, lakini familia huzilipa kila siku.

MASWALI

1. Andika kichwa cha habari kinachofaa kwa maneno yasiyozidi matano.
2. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika habari:
(a) hongo (aya ya 1)
(b) mfukoni (aya ya 2) na Mfuko (aya ya 3)
(c) imeelemewa (aya ya 2)
3. Mkuu wa msafara na mgonjwa asiye na bima wanafanana katika jambo gani?
4. Muuguzi mwenye mshahara wa shilingi 900,000 atakatwa kiasi gani kwa mwezi kwa ajili ya NHIF? Mfuko utapokea jumla ya kiasi gani?
5. Kama ankara ya hospitali ingekuwa shilingi 9,000,000, mfanyakazi wa aya ya 5 angelipa kiasi gani? Na wa aya ya 6?
6. Onyesha jinsi maneno "kikomo" na "mchango" yalivyoundwa.
7. Fupisha aya ya 5 na ya 6 kwa maneno yasiyozidi 50.

MAJIBU NA MAELEZO

1. "Bima na kikomo cha malipo." Kichwa kama "Misafara ya Tabora" hakifai, kwa sababu misafara imetajwa katika aya moja kwa ajili ya kulinganisha tu. "Bima ya afya" peke yake ni kipana mno: hakigusi suala la malipo kuishia wapi, ambalo linapita katika aya zote.

2. (a) Ushuru uliolipwa kwa mtawala ili msafara upite katika nchi yake. Mtahiniwa anayeandika "rushwa" anakosa alama. Leo neno hili lina maana ya rushwa, lakini aya imetoa maana yake yenyewe mara tu baada ya neno "yaani". Kila uonapo "yaani", jibu liko karibu.
(b) "Mfukoni" ni kwenye fedha za mtu binafsi. "Mfuko" ni chombo kinachokusanya michango ya watu wengi na kulipia huduma zao. Neno ni moja, maana zimetofautiana. Huu ni mfano mzuri wa kutumia katika maswali ya utata wa maneno.
(c) Imebebeshwa gharama kubwa kuliko uwezo wake.

3. Wote wawili hulipa katika kila kituo bila kujua mapema jumla ya malipo itafika wapi. Usijibu kwamba "wote wanasafiri". Mgonjwa anaweza kutibiwa palepale kijijini na bado ulinganisho ukasimama.

4. Nusu ya asilimia 6 ni asilimia 3. Asilimia 3 ya shilingi 900,000 ni shilingi 27,000. Hicho ndicho atakachokatwa. Mwajiri ataongeza shilingi 27,000, hivyo mfuko utapokea shilingi 54,000. Kosa la kawaida ni kumkata muuguzi asilimia 6 yote.

5. Wa aya ya 5: 9,000,000 kutoa 5,000,000 ni shilingi 4,000,000. Wa aya ya 6: asilimia 10 ni shilingi 900,000, lakini kikomo chake ni shilingi 300,000, kwa hiyo atalipa shilingi 300,000. Linganisha na mifano ya habari: ankara imepanda kwa shilingi 1,800,000. Mfanyakazi wa kwanza amebeba nyongeza yote. Wa pili hajaongezewa hata shilingi moja.

6. Kikomo: ki-kom-o, kutokana na kitenzi "koma". Mchango: m-chang-o, kutokana na kitenzi "changa". Yote ni nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi kwa kuambika viambishi awali na tamati.

7. Mfano wa ufupisho (maneno 47):
Kikomo cha malipo kinaweza kuwekwa upande wa bima au wa mgonjwa. Kikiwa upande wa bima, gharama zinazozidi hulipwa na mgonjwa bila ukomo. Kikiwa upande wa mgonjwa, akishafikia kiasi kilichowekwa, bima hulipa zinazobaki. Hata hivyo, kikomo hiki hakihusishi mchango wa kila mwezi wala huduma zilizo nje ya mkataba.

Angalia kwamba shilingi, dola na mwaka vimeachwa. Tarakimu za aya hizo ni mifano, na ufupisho huchukua wazo ambalo mifano inalieleza. Kinachopaswa kubaki ni pande mbili za kikomo. Ukiandika tu kwamba "bima huweka kikomo cha malipo", msomaji hatajua ni nani anayelindwa, na hoja kuu itakuwa imepotea.

ZOEZI LA ZIADA

Shangazi yako wa Nzega ameajiriwa katika kampuni inayowapa wafanyakazi nafasi ya kuchagua kati ya mikataba miwili. Mkataba A unamkata shilingi 20,000 kwa mwezi, na bima hulipa hadi shilingi 4,000,000 kwa mwaka. Mkataba B unamkata shilingi 35,000 kwa mwezi, na yeye hatatoa mfukoni zaidi ya shilingi 250,000 kwa mwaka kwa huduma zilizomo katika mkataba. Mwandikie barua ya kirafiki ukimshauri achague upi. Mwonyeshe hesabu ya mwaka mzima, kwanza kama hataugua, kisha kama atapata ankara ya shilingi 6,000,000. Kumbuka salamu inayomstahili shangazi, na umtajie swali moja analopaswa kumuuliza mwajiri kabla ya kutia sahihi.