SOMO LA ROBO HII: Mwalimu Anapotaka Kusomea Uzamivu Akiwa Kazini

Andiko la kusoma pamoja: Luka 14:28-30



Ndugu wanakamati na wafadhili, tuchukue mfano huu. Mkuu wa shule ya sekondari ya parokia, hapa Mikumi au kule Kilosa mjini, analeta barua kwenye kamati. Anaomba kusomea shahada ya uzamivu katika uongozi wa elimu kwa njia ya masafa, bila kuacha kazi, na parokia imchangie ada. Wajumbe wanagawanyika. Wengine wanasema ni heshima kwa shule kuongozwa na Daktari. Wengine wanauliza: paa la bweni linavuja tangu masika, hizo fedha zitatoka wapi? Pande zote mbili zina hoja. Somo hili linalenga kuisaidia kamati iamue kwa ufahamu.

Elimu ya masafa si jambo geni

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, na wanafunzi wa kwanza walipokelewa mwaka 1994. Shabaha ilikuwa mtu aliye kazini asome pale alipo. Makao makuu yako Dar es Salaam, na kuna vituo mikoani, kikiwemo cha Morogoro. Wanafunzi wa mwanzo walitegemea vitabu vya kuchapwa. Leo makala za kitaalamu, mazungumzo na msimamizi na kazi za kusahihishwa hupita kwenye intaneti. Kwa mwalimu wa Mikumi, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Morogoro mjini, huo ni unafuu mkubwa. Hata hivyo, nauli ndiyo iliyopungua. Kazi yenyewe ni ileile.

Uzamivu ni kazi gani?

Wengi hudhani ni kuendelea na madarasa. Sivyo. Kiini chake ni utafiti. Mwanafunzi huandika andiko la utafiti, hulitetea, hukusanya taarifa, huandika tasnifu na kuitetea mbele ya watahini. Anayesoma muda wote hukadiriwa miaka mitatu. Aliye kazini huhitaji zaidi. Kabla ya kuingia shuleni kukusanya taarifa lazima awe na vibali, kuanzia chuoni, mkoani, wilayani hadi kwa mkuu wa shule husika. Hatua hizo nazo hula miezi.

Faida kwa parokia huja pale swali la utafiti linapotoka kwenye maisha yetu. Wilaya ya Kilosa ina maswali mengi. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu bila makazi: mkuu wa shule anaongozaje wakati wa maafa? Wakulima na wafugaji wamegombana kwa miaka mingi, na Desemba 2000 watu 38 waliuawa huko Rudewa: shule inawaleaje pamoja watoto wa pande zote mbili? Tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne: shule ya parokia inayotoza ada inajiendeshaje bila kuwaacha maskini nje? Tasnifu inayojibu swali la namna hii inaweza kusomwa kwenye kamati na kufanyiwa kazi.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, uhalali wa chuo. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisheni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inakitambua chuo na programu hiyo, hasa kikiwa cha nje ya nchi. Chuo kinachoahidi udaktari kwa miezi michache bila utafiti kinauza karatasi. Tusisahau kwamba mwaka 2017 uhakiki serikalini uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao wakapoteza kazi.

Pili, uadilifu wa utafiti. Mkuu akiwahoji walimu anaowasimamia, nani atamwambia ukweli kuhusu uongozi wake? Ni afadhali atafiti shule nyingine, au mtu mwingine afanye mahojiano. Na tasnifu aandike mwenyewe. Kumlipa mtu amwandikie ni wizi hata kama ada ilitoka kwenye sadaka.

Tatu, gharama zilizofichika. Ada ni sehemu tu. Kuna bando la intaneti, kompyuta, umeme unaokatika, nauli, uchapaji na kujalidi. Kuna pia mke au mume na watoto watakaomkosa jioni. Familia iulizwe kabla ya kamati kupiga kura.

Makubaliano yaandikwe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba useme parokia inachangia nini na kwa muda gani; mwalimu anapewa saa ngapi za kusoma kwa wiki; makamu wake anaandaliwaje kushika majukumu; mwalimu atatumikia miaka mingapi baada ya kuhitimu; na nini kitafanyika akiugua au akishindwa. Fedha ambazo mfadhili alizitoa kwa ajili ya bweni zibaki za bweni. Ikibidi, aombwe kwa maandishi, naye awe huru kukataa.

Tuwe wakweli pia: si kila shule inahitaji Daktari. Kama tatizo ni usimamizi wa fedha na ratiba, mafunzo ya uongozi wa elimu yatolewayo na ADEM, Bagamoyo, yanaweza kutosha. Uzamivu unafaa pale parokia inapotaka mtu wa kutafiti, kufundisha viongozi wengine na kushauri shule nyingi.

Maswali ya kujadili

1. Shule yetu ina tatizo gani ambalo utafiti ungelitatua?
2. Nani ataiongoza shule siku mkuu anapokuwa kwenye masomo?
3. Tukimkatalia mwalimu, tutamwelezaje ili asivunjike moyo?
4. Tukimkubalia, bweni litaezekwa lini na kwa fedha zipi?

Yesu alisema juu ya mjenzi anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Kamati isiyoweza kujibu swali la nne bado haijamaliza kuhesabu. Ikae tena, isali, ndipo imjibu mwalimu.