Chura wa Kihansi

Magharibi ya mji wa Dar es Salaam, juu ya kilima, pamejengwa Chuo Kikuu. Mwezi wa Agosti mwaka 2010, wakati kilima hicho kilipokuwa bado katika Wilaya ya Kinondoni, waliletwa hapo wageni 100 kutoka Marekani. Wote pamoja wangaliweza kuchukuliwa katika kapu moja, maana walikuwa vyura wadogo sana, wa rangi ya manjano. Nao, ijapokuwa walitoka ng'ambo, asili yao ilikuwa Tanzania.

Kwao ni korongo la mto Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Mto huo huporomoka kutoka juu sana, na zamani maji yake yalipopiga miamba yalirusha manyunyu usiku na mchana, kiangazi na masika. Mahali palipolowa hivyo palikuwa padogo, yapata hektari 2 tu. Hapo ndipo wenye elimu walipomwona chura huyu mara ya kwanza, mwaka 1996. Na katika dunia nzima hakuonekana mahali pengine. Jike hafikii sentimita 3, na dume ni mdogo zaidi. Tena ana ajabu yake. Vyura wengi hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Lakini huyu huzaa watoto waliokwisha kuwa vyura kamili, na kila mtoto aweza kukaa juu ya ukucha wa kidole cha mwisho.

Basi alipoonekana, kazi ya kujenga bwawa juu ya maporomoko ilikuwa imekwisha kuanza. Nchi ilihitaji umeme kwa viwanda, hospitali na nyumba, na haja hiyo haikuwa ya mzaha. Mitambo ilipoanza kazi, maji mengi yalipitishwa ndani ya mwamba kwenda kuizungusha, na katika maporomoko yakabaki kidogo tu. Manyunyu yakakoma.

Mwisho wa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa, wakapelekwa kwa ndege mpaka bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York. Na baadaye wengine wakatunzwa katika bustani ya Toledo. Kuwachukua kulikuwa rahisi, kuwatunza ndiko kulikokuwa kazi. Chura hanywi kwa mdomo. Ngozi yake ndiyo inywayo, kwa hiyo maji mabaya humdhuru upesi. Wengi walikufa, hata wakabaki chini ya 100. Polepole watunzaji wakajifunza mahitaji yao: maji safi ya kunyunyiza, taa zenye mwangaza kama wa jua, na wadudu wadogo mno kwa chakula.

Huko Kihansi nako mabomba yalitandazwa ili kunyunyiza maji mahali pa manyunyu yaliyokoma, na kwa muda vyura wakaongezeka tena. Lakini mwaka 2003 walianza kufa kwa ghafula. Ugonjwa wa kuvu, ushikao ngozi za vyura, ulionekana kati yao. Mwanzo wa mwaka 2004 walihesabiwa watatu tu, na mwaka 2009 chura huyo akaandikwa katika orodha ya viumbe waliotoweka mwituni. Kumbe waliosalia ulimwenguni ni wale wa ng'ambo peke yao!

Ndiyo sababu wale 100 walitengenezewa chumba chao Chuo Kikuu. Joto la Dar es Salaam si la Udzungwa. Ilipasa chumba kipozwe na maji yanyunyizwe kila siku. Watanzania walikuwa wamekwenda Marekani kujifunza kazi hiyo. Na umeme, uliomfukuza chura kwao, ndio sasa uliompatia baridi.

Mwaka 2012 vyura walianza kurudishwa Kihansi, kwanza wachache kwa kujaribu, kisha wengi. Kuvu ilikuwako bado, na bwawa lilikuwako. Kwa hiyo mabomba ya kunyunyiza hayakuondolewa, na vyura wengine waliachwa Dar es Salaam wazaliane, ili wa korongoni wakifa tena, wawepo wa kushika nafasi yao.