SOMO LA WIKI: Serikali Mtandao na stakabadhi ya mfanyabiashara wa Tanga

Kwa miaka mingi mzigo wa Tanga ulicheleweshwa na maji. Meli zilitia nanga umbali wa kilometa 1.7 kutoka gatini na shehena kushushwa kwa matishari, kazi iliyoongeza siku na gharama. Mradi wa Sh. bilioni 429.1 ulichimba kina kutoka mita 3 hadi 13, na sasa meli zinafunga gatini. Mzigo ukishafika nchi kavu, kinachoweza kuushikilia ni makaratasi, na sehemu kubwa ya makaratasi hayo imehamia kwenye kompyuta. Wafanyabiashara wengi wa Tanga, Muheza, Pangani na mpakani Horohoro wamewaachia mawakala wa forodha jambo hilo lote. Huko ndiko fedha zinakopotelea.

Sheria zenyewe ni chache. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikataza ushahidi kutupwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mwaka 2017 Serikali ilianza kukusanya malipo yake kupitia mfumo mmoja, GePG, ulio chini ya Wizara ya Fedha. Kisha ikaja Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, iliyoigeuza Wakala ya Serikali Mtandao, iliyokuwapo tangu 2012, kuwa Mamlaka yenye uwezo wa kuzibana taasisi za umma zifuate viwango na mifumo yao isomane. Kabla ya hapo kila ofisi ilijijengea mfumo wake, na mwananchi ndiye aliyekuwa tarishi kati ya ofisi moja na nyingine.

Kwa mfanyabiashara, matunda ya sheria hizo yamo katika tarakimu 12, yaani kumbukumbu namba ya malipo, ambayo mitaani huitwa kontrol namba. Taasisi huandaa ankara, mfumo hutoa namba, mlipaji hulipa benki, kwa wakala wa benki au kwa simu, na taarifa hurudi yenyewe kwenye taasisi. Fedha haipiti mkononi mwa karani. Anayeombwa kutuma ushuru wa Serikali kwenye namba ya simu ya mtu, hata akiwa mtu anayemfahamu, hajalipa Serikali chochote.

Chukulia muuza vipuri wa Ngamiani anayeleta mzigo kutoka Mombasa kupitia Horohoro. Wakala wake anapeleka tamko la forodha kwenye mfumo, kodi inakadiriwa, namba inatoka. Muuza vipuri anampa wakala fedha taslimu na kuambiwa kwa simu, "tayari". Wiki mbili baadaye mzigo bado umekaa. Hapo asitegemee kujitetea kwamba alimpa wakala fedha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, lakini haimwondoi mwenye mzigo halisi katika dhima ya yale aliyoyatenda wakala aliyemteua. Ugomvi wao ni wao wawili; deni la forodha liko pale pale.

Njia salama ni nyepesi. Mwenye mzigo aombe namba yenyewe, aangalie jina la taasisi na kiasi kabla ya kuthibitisha, alipe kwa mkono wake, kisha wakala alipwe ujira wake peke yake. Wapo mawakala watakaonung'unika. Aliye mwaminifu hana cha kupoteza. Namba pia ina tarehe ya mwisho; ikipita, iombwe nyingine.

Mtandao ukikatika, jambo ambalo hutokea, muda uandikwe na picha ya kioo cha simu au kompyuta itunzwe. Atakayekwenda baadaye kuomba aondolewe tozo ya kuhifadhi mzigo atahitaji kitu cha kuonyesha.

Suala la kutunza ndilo linalopuuzwa zaidi. Sheria ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na jinsi aliyeutuma alivyotambulishwa. Ujumbe uliofutwa simu ilipojaa, au uliobaki kwenye laini ya kijana wa dukani aliyekwisha kuacha kazi, hausaidii kitu. Na Sheria ya Usimamizi wa Kodi, nayo ya mwaka 2015, inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka 5.

Risiti za mashine za EFD nazo zina kasoro yake: huchapwa kwenye karatasi ya joto, na kwa joto la pwani maandishi hufifia mapema kuliko miaka hiyo mitano. Zitolewe nakala siku ile ile, ziunganishwe na namba ya malipo na tamko la forodha la mzigo huo, faili moja kwa mzigo mmoja.