Makato ya Kubadilisha Jiko Jipya: Sababu Itangulie Kiasi

Mnunuzi wa vyombo vya jikoni mara nyingi hugundua kosa akiwa nyumbani, si dukani. Jokofu halipiti mlangoni, au jiko la umeme limekuja na waya mnene usio na plagi. Anaporudi kuomba abadilishiwe, huambiwa kwamba chombo kitapokelewa, ila kiasi fulani cha fedha kitakatwa kwa kuwa boksi limekwisha kufunguliwa. Ada hiyo, ambayo kwa lugha ya dukani huitwa makato, huzua ubishi mkali kuliko inavyostahili, kwa sababu pande mbili hushindania kiasi kabla ya kuelewana juu ya sababu ya kubadilisha.

Sababu ndiyo inayoamua kama makato yapo au hayapo kabisa. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika. Na pale mnunuzi anapomweleza muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wake, kitu hicho sharti kifae kwa matumizi hayo. Kwa hiyo jiko lisilopata moto, au jokofu lisilogandisha tangu siku ya kwanza, si jambo la kujadiliwa kwa asilimia. Kosa ni la bidhaa, na mnunuzi hana sababu ya kulipia kurudishwa kwake. Maandishi yanayobandikwa ukutani au chini ya risiti kwamba mali ikiuzwa hairudishwi hayamwondolei muuzaji wajibu huo.

Hali ni tofauti pale chombo kinapokuwa kizima na mnunuzi amebadili nia, au hakupima nafasi ya jikoni kwake. Hapo muuzaji halazimiki kubadilisha. Akikubali, anatenda wema wenye gharama, na ni haki yake kuomba gharama hiyo ifidiwe. Ikumbukwe pia kwamba jiko lililofunguliwa haliwezi tena kuuzwa kama jipya kwa uaminifu. Kumficha mnunuzi anayefuata ni kumpotosha, jambo linalokatazwa na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Muuzaji mkweli atalishusha bei, na makato ya haki ni yale yanayokaribiana na punguzo hilo.

Kati ya hali hizo mbili lipo eneo lenye ukungu, na humo ndimo majadiliano mengi hutokea. Soketi ya kawaida ya ukutani hubeba ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 2,990 tu. Jiko la pleti nne lenye oveni, zote zikiwa za umeme, huhitaji zaidi ya hapo kwa mbali, na hufungwa na fundi kwa waya wake peke yake na swichi yake ya usalama kutoka kwenye ubao wa umeme wa nyumba. Mpangaji wa vyumba viwili hana ruhusa ya kuchimba ukuta wa mwenye nyumba. Ikiwa alimwuliza muuzaji kama jiko litachomekwa kwenye soketi ya kawaida, akajibiwa kwamba litachomekwa bila shida, kosa limehamia kwa muuzaji. Ikiwa aliingia dukani, akataja chapa na aina aliyoiona kwa jirani, akalipa na kuondoka, hoja yake ni dhaifu.

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, kwamba mama mmoja alinunua jiko la namna hiyo kwa shilingi 640,000. Alisema dukani kwamba amepanga. Kijana wa mauzo hakuuliza zaidi, naye hakufafanua. Siku ya pili anarudi, na duka linataka makato ya asilimia 15, yaani shilingi 96,000.

“Mwanangu,” anauliza, “hizo tisini na sita elfu zinalipia kitu gani?”

“Mama, boksi limechanika, na jiko itabidi likaguliwe upya. Halafu kuna usafiri wa kulirudisha stoo.”

Swali hilo lina nguvu kuliko kulia bei. Asilimia haina maelezo. Gharama iliyotajwa kwa jina inaweza kupimwa. Mama anaonyesha kwamba nailoni bado iko juu ya pleti, kitabu cha maelekezo na skrubu zote zimo, na jiko halijawahi kuunganishwa na umeme. Usafiri atalipa mwenyewe, kwa kuwa kirikuu kilicholileta kipo nje. Kisha anataja jambo ambalo wengi hulisahau: haombi kurudishiwa fedha. Anataka jiko la mchanganyiko, lenye pleti za gesi na oveni ndogo ya umeme ya wati 2,000, ambalo bei yake ni shilingi 700,000. Duka halijapoteza mauzo. Limeongeza shilingi 60,000.

Wanakubaliana makato ya shilingi 30,000, kwa ajili ya boksi na ukaguzi. Mama anaongeza 90,000 badala ya 156,000. Kama asingesema kwamba amepanga, pengine asingefika hapo. Na kama kijana angekuwa amemhakikishia kwamba jiko lile litachomekwa popote, hata hizo 30,000 zingekuwa na mjadala.

Adabu ya mazungumzo nayo ina sehemu yake. Anayepaza sauti mbele ya wateja humfunga muuzaji mikono, kwa kuwa akilegea ataonekana ameshindwa. Ni afadhali kuomba kuonana na mwenye duka pembeni, maana kijana wa kaunta mara nyingi hana mamlaka ya kupunguza makato.

Mapatano yakishindikana na mnunuzi ana hakika kwamba kosa ni la bidhaa au la maelezo aliyopewa, anaweza kumwona Afisa Biashara wa Halmashauri au kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani. Huko kote ataombwa risiti. Risiti ya mashine ya kielektroniki ndiyo inayotaja tarehe, bei na muuzaji. Karatasi yake hufifia haraka, hivyo ipigwe picha siku ileile.

Mapatano yakifikiwa, makato yaandikwe kando ya bei, si kufichwa ndani yake. Risiti mpya itaje chombo kipya, na kadi ya dhamana iandikwe namba ya chombo hicho pamoja na tarehe ya kubadilisha. Kadi ya jiko la kwanza haifai kitu kwa jiko la pili.