Shahada ya Ununuzi Haitoshi: Somo kwa Wahitimu na Wazazi wa Kahama

Nyuma ya kila bati la zahanati na kila dawati la shule katika kata za Kahama kuna karatasi za ununuzi, na nyuma ya karatasi hizo kuna mtaalamu wa ununuzi na ugavi. Baadhi ya vijana wa wilaya hii husomea fani hiyo Mwanza, katika kampasi za Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE). Wanaporudi na shahada, wazazi hudhani safari imekwisha. Haijakwisha.

Sheria Namba 23 ya mwaka 2007 iliunda Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi (PSPTB), ikazuia asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo kama mtaalamu. Kwa hiyo anayeomba nafasi ya Afisa Ugavi Daraja la II hudaiwa usajili wa Bodi pamoja na shahada. Akiukosa, alama nzuri za chuo hazimwokoi. Mitihani ya Bodi hufanyika Mei na Novemba, na kilele chake ni cheti cha CPSP. Ada zake zipangiwe mapema, na joho la mahafali, livaliwalo siku moja tu, lisimalize akiba ya nyumba.

Sheria nayo imebadilika. Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya mwaka 2023 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 2011, na zabuni sasa hupitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Aliyehitimu kabla ya hapo hana budi kusoma upya.

Hata hivyo, jambo gumu zaidi katika kazi hii hujifunzwa stoo. Tuseme hati ya ununuzi (LPO) inataja mifuko 200 ya saruji, hati ya kufikishia mzigo nayo inasema 200, lakini lori limeshusha 180. Jua linazama, dereva ana haraka, fundi anasubiri. Sahihi moja ikiwekwa hapo, halmashauri italipia mifuko 20 ambayo haikufika, darasa litabaki bila lipu, na mkaguzi atakapokuja ataanza na aliyesaini. Wakazi walioteuliwa katika kamati za mapokezi za shule na zahanati hukabiliwa na jaribu hilohilo.

Basi mhitimu anayeomba utarajali au kujitolea kwa Mkurugenzi, iwe Manispaa, Msalala au Ushetu, aeleze katika barua yake kuwa yuko tayari kuanzia stoo. Huko atazoea kulinganisha karatasi tatu, yaani LPO, hati ya kufikishia mzigo na ankara, kisha kuhesabu mzigo wenyewe. Mifuko ikiwa 180, huandika 180 katika hati ya mapokezi na katika leja, na dereva hutia sahihi pungufu hilo kabla hajaondoka.