Kupatanisha Saa Mbili katika Upimaji wa Ubongo

Mwanafunzi anayesimama kwenye mteremko wa Malindi, wilayani Lushoto (Malindi ya Usambara, si ile ya pwani ya Kenya), akimtazama mtu apasuaye kuni ng'ambo ya bonde, huliona shoka likitua, kisha ndipo ausikie mlio wake. Umbali ukiwa meta 340, mlio huchelewa kwa sekunde moja hivi. Kuchelewa huko kwaweza kusahihishwa, kwa kuwa hakubadiliki. Lakini kama mpasuaji angekuwa akihamahama, kila pigo lingechelewa kwa kiasi chake, na daftari la msikilizaji asiyeona lisingefaa kitu.

Tatizo hilihili huwakabili wataalamu wanaochunguza umeme wa ubongo. Umeme huo, ambao Hans Berger wa Ujerumani aliurekodi kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924, hupimwa kwa elektrodi zinazobandikwa kichwani, nao ni makumi ya mikrovolti tu. Jibu la ubongo kwa mlio mmoja ni dogo zaidi, mikrovolti chache, hivyo humezwa na mawimbi mengine kama sauti ya mtu mmoja sokoni. Kwa hiyo mlio hurudiwa, tuseme mara 100. Vipande vya rekodi vinavyoufuata hupangwa mwanzo kwa mwanzo, na wastani wake hutafutwa. Mawimbi yasiyohusiana na mlio hupungua mara 10, ambayo ni kipeuo cha pili cha 100. Jibu hubaki.

Hubaki, ikiwa mwanzo wa kila kipande unajulikana kwa hakika. Mashine itoayo mlio au picha ina saa yake, na ile inayorekodi ina yake. Saa zinazoachana kwa sekunde moja katika kila sekunde 20,000 huonekana kuwa sawa kabisa. Hata hivyo, baada ya dakika 20 zimeachana kwa milisekunde 60. Ndiyo maana mashine ya kwanza hupeleka ishara ya umeme kwa ya pili kila inapotoa kichocheo, ili alama iingie katika rekodi ileile. Hata hivyo, amri ya kompyuta si mwanga wenyewe: kioo kinachochorwa upya mara 60 kwa sekunde chaweza kuichelewesha picha kwa milisekunde 16 au zaidi. Mtafiti mwangalifu hubandika kipokea mwanga juu ya kioo, au huweka maikrofoni karibu na kipaza sauti, akapima mwenyewe. Maelezo ya kiwandani pekee hayatoshi.

Huko Kilifi, kusini mwa ile Malindi nyingine, Michael Kihara na wenzake walitumia njia hii ya milio na picha. Mwaka 2010 walitoa matokeo ya watoto wa Kenya wanaokua vizuri, na mwaka 2012 ya watoto waliowahi kuugua homa ya uti wa mgongo ya pneumokoki. Katika kazi ya namna hiyo, wimbi linalotazamiwa baada ya milisekunde 100 likionekana baada ya 150, ni lazima ijulikane kama kilichochelewa ni ubongo wa mtoto au ni waya na kioo. Kwa mzazi, tofauti hiyo si ndogo.

Zoezi: Wimbi la jibu hupanda na kushuka kwa mzunguko mmoja wa milisekunde 100. Nusu ya vipande vimewekewa alama milisekunde 50 kabla ya wakati wake. Chora wastani wa vipande vyote, kisha eleza kilichotokea.